Maiki ya kwaya haikufa, ni waya

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi ni fundi mitambo, napiga sauti kwenye maharusi, kwaya, maulidi na mikutano, na karibu kila mwezi nakutana na kamati iliyochangisha hela kwa jasho, wakanunua spika za maana, miksa ya maana, maiki za kondensa za kwaya, halafu pale mwisho kabisa mtu ndio anakumbuka "na waya za maiki jamani", wanachukua zile za bei ya chini kabisa zinazoning'inia mlangoni mwa duka. Miezi sita baadaye wanasema maiki zimekufa. Wengine wanasema zimeuliwa na kile kitufe cha 48, kile cha kwenye miksa kinachopeleka umeme wa volti 48 (wenyewe wanauita fantomu) kwenye maiki za kondensa.

Nianze na kisa chenyewe. Niliitwa kanisa moja hapa mkoani kufunga mitambo ya tamasha lao, nikauliza kwaya inaimbia maiki gani, mama mwenyekiti wa kwaya akafungua kabati akanitolea maiki mbili za kondensa zimefungwa kwenye kipande cha kanga, safi kabisa, boksi lake lipo. Akaniambia, "Hizi zilikufa mwanangu, fundi wa kwanza alisema zimeungua na umeme wa miksa, tukaziweka tu maana kuzitupa tuliona uchungu." Miaka miwili zimekaa kabatini, na kwaya ya watu thelathini inaimbia maiki tatu za mkononi za dainamiki, zile zisizohitaji umeme, na sauti ya nne, yaani besi, haisikiki kabisa.

Nikamwambia mama tujaribu. Nikatoa waya wangu kwenye begi, nikachomeka, nikabonyeza 48, nikasubiri kidogo, nikapandisha feda, ile ya kuongeza sauti, taratibu. Mama akakohoa. Kikohozi chake kikatoka kwenye spika kizima kizima, mpaka mtoto aliyekuwa anafagia nje akachungulia dirishani. Mama akashika mdomo. Maiki zote mbili nzima, hazijaungua hata chembe.

Nikaomba waya waliokuwa wanautumia. Nikaupasua kwa wembe mbele yao, kama sentimita tano kutoka kwenye plagi. Ndani kuna waya mbili ndogo, nyekundu na nyeupe, hizo zilikuwa nzima. Lakini ule wavu wa shaba unaozizunguka, ambao ndio kinga na ndio unaingia pini namba 1 kati ya zile pini tatu za plagi, ulikuwa nyuzi chache mno, nilihesabu hazifiki ishirini, zimekuwa za kijani kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani, na pale zilipochomewa risasi kwenye plagi zote zimekatika. Yaani pini namba 1 ilikuwa haijaungwa na kitu chochote.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotea, naomba wasomaji wanisikilize vizuri. Maiki ya dainamiki ukiichomeka kwenye waya wa namna hiyo inafanya kazi, labda itavuma kidogo, kwa sababu yenyewe inatengeneza sauti yake bila kuhitaji umeme, na sauti inapita kwenye zile waya mbili ndogo, pini 2 na pini 3. Kondensa sio hivyo. Kondensa ina saketi ndani inayotaka kulishwa, na chakula chake ni ile 48, inakuja kutoka kwenye miksa kupitia pini 2 na 3 kwa pamoja halafu inarudi kwa pini 1, kwenye wavu. Wavu ukikatika umeme hauna njia ya kurudi, maiki inakuwa kimya. Kwa hiyo fundi anajaribu dainamiki kwenye waya uleule, inaongea, anasema waya mzima, anajaribu kondensa, kimya, anasema maiki imekufa. Simlaumu, ukiangalia juu juu ndivyo inavyoonekana, lakini hapo ndipo kanisa lilipoteza maiki mbili kwa miaka miwili.

Na hili jina la fantomu nalo linatisha watu, maana yake mzuka, nimeshaulizwa na mzee mmoja wa baraza kama ni kitu cha kanisani kweli. Jamani ni jina tu. Limeitwa hivyo kwa sababu umeme unapita ndani ya waya zilezile za sauti bila waya wake wa pembeni, na sauti haiusikii. Kwanini haiusikii? Kwa sababu ndani ya miksa kuna rezista mbili za ohmu 6,800, moja inalisha pini 2 na nyingine pini 3, zinalingana kabisa, kwa hiyo pini zote mbili zinakaa kwenye volti 48 ileile. Kati ya 2 na 3 hakuna tofauti yoyote. Na koili ya dainamiki imeungwa kati ya 2 na 3, hakuna tofauti basi hakuna umeme unaopita ndani yake. Ndio maana maiki nzuri ya dainamiki kwenye waya mzima unaweza kuiacha na 48 imewaka usiku kucha na isipate tatizo.

Hiyo namba 48 yenyewe ina historia nzuri. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani iliwapelekea redio ya taifa ya Norwe maiki mpya ya transista, KM 84, na wale wa Norwe tayari walikuwa na umeme wa volti 48 kwenye studio zao kwa ajili ya taa za dharura. Wakasema tutumie huohuo. Ndio hiyo hadi leo, kitufe kinachogombewa makanisani kwetu kimetokana na taa za dharura za studio za Norwe.

Sasa 48 inaharibu wakati gani? Inaharibu pale ule ulinganifu wa pini 2 na 3 unapovunjika, na anayeuvunja mara nyingi ni waya. Chukua waya ambao nyuzi moja ya wavu imejipenyeza ikagusa pini 3, fundi alichomea haraka haraka akaacha sharubu. Pini 3 inakuwa sifuri, pini 2 bado ina umeme, sasa umeme unapita katikati ya koili ya maiki, kama miliampia 7 hivi. Dainamiki nyingi zitavumilia lakini sauti inabanwa na kukwaruza, na maiki ya riboni, ambayo ndani ina kiutepe chembamba cha aluminiamu chembamba kuliko karatasi ya sigara, inaweza ikavutika na ikaisha hapohapo. Kisha wanasema fantomu imeua maiki. Imeuliwa na uzi mmoja wa shaba.

Kibaya zaidi ni hizi waya za upande mmoja kanoni (ile plagi ya maiki ya pini tatu), upande mwingine jeki ndogo ya simu. Kijana wa video anataka kurusha harusi laivu, anakuja na kawaya kake anasema "fundi nipe sauti", kuna chaneli iko wazi anachomeka kwenye tundu la maiki badala ya tundu la kutolea sauti, na 48 imewaka kwa sababu miksa nyingi ndogo kitufe kimoja kinawasha chaneli zote. Nimeshuhudia hiyo kwenye ukumbi, simu ya kijana wa watu ikaacha kabisa kusikia sauti kutoka tundu lile, na ilikuwa ndio kazi yake ya kula. Simu, laptopu, kamera, zenyewe zinategemea volti mbili tatu tu kwenye tundu la maiki, hazikutengenezwa kupokea 48. Hata risiva ya maiki zisizo na waya na kinanda usivichomeke kwenye chaneli yenye 48, vingine vina kinga vingine havina, ya nini kubahatisha. Kinanda pitisha kwenye kiboksi cha DI, kile cha kuingizia sauti ya ala kwenye tundu la maiki, na DI yenyewe kama ni ile yenye saketi ndani ndio inaitaka 48, ile ya transfoma peke yake haihitaji.

Kujua kama waya wako mzima hauhitaji mashine ya ajabu. Chukua mita ya kawaida, ile ya mafundi redio, weka kwenye volti za DC mia mbili. Chomeka waya kwenye miksa, washa 48, maiki usiiweke, nenda mwisho wa waya upande wa matundu. Kwenye plagi kuna namba ndogo ndogo zimeandikwa pembeni ya kila tundu, tafuta taa uzione. Ncha nyeusi tundu la 1, nyekundu tundu la 2, soma. Kisha nyekundu ihamie la 3, soma. Zote mbili zinatakiwa ziwe kwenye 48 hivi, kiwango kinaruhusu kuanzia 44 hadi 52, na zilingane. Kisha pima 2 na 3 zenyewe kwa zenyewe, upate sifuri. Ukikosa zote wavu umekatika (au hukuwasha kitufe). Ukikosa moja basi ile waya imekatika au inagusa wavu. Wakati unapima utikise waya karibu na plagi zote mbili, namba ikicheza hapo ndipo pa kukata. Dakika moja kwa kila waya. Mimi nafanya hivi kila Ijumaa kabla ya kazi za wikiendi.

Ukienda dukani usiangalie rangi wala unene wa nje, kuna waya minene kama kidole ndani ni plastiki tupu. Omba muuzaji akufungulie plagi, ina kifuniko kinachozunguka, ukiona hataki ondoka. Ndani uone waya mbili na wavu, vitatu, kila kimoja kimechomewa kwenye pini yake na risasi inang'aa haijafanya donge la kijivu. Ukiona waya moja tu na wavu hiyo sio ya maiki ya kanoni, wameunganisha 1 na 3 pamoja. Wavu mzuri kwa kazi ya jukwaani ni ule uliosukwa kama mkeka au uliozungushwa nyuzi nyingi zikafunika zote. Ule wa karatasi ya aluminiamu ni mzuri sana kuzuia mvumo lakini ni wa kufukiwa ukutani ukae hapohapo miaka, ukiukunja na kuukunjua kila Jumapili karatasi inapasuka. Kuna na wa waya nne ndani zilizosokotwa, Canare na Mogami za Japani wanautengeneza, huo ununue kama jukwaa lako liko karibu na transfoma au dima za taa (zile za kupunguza mwanga), mvumo wa umeme, ule wa hetsi 50, unapungua sana, ila kwa kanisa la kawaida wa waya mbili unatosha. Shaba iwe shaba kweli. Kwaruza uzi mmoja na wembe, ukiona chini ni nyeupe hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba, ukiikunja mara chache inakatika.

Urefu usiwatie hofu. Maiki ya kanoni hata mita 50 inaenda bila shida, wanaopata shida ni wenye waya za jeki, hizo zikipita mita tano sita zinaanza kuokota kelele. Kwa hiyo usinunue waya fupi ukaunga tatu kwa tatu, kila kiungo ni mahali pa chumvi kuingia. (Na hili jina la kanoni, wengi wanadhani ni la kamera. Ni la James Cannon, kampuni yake ya Los Angeles ndio iliyoleta plagi hizi tunazoziita XLR.)

Na tuache kukunja waya kwa kiwiko jamani. Ile ya kuzungusha kwenye mkono na kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo inausokota wavu ndani mpaka unakatika, na unakatika palepale karibu na plagi. Kunja duara mkononi, mzunguko mmoja juu mmoja chini, ufunge na kitambaa, utundike.

Kuhusu kuwasha ni hivi, feda chini kwanza, chomeka maiki, ndio ubonyeze 48, subiri nusu dakika kapasita zijae, kisha pandisha. Kuchomoa ni kinyume chake, feda chini, zima 48, subiri, chomoa. Kama kitufe ni kimoja kwa chaneli zote basi shusha na ile feda kuu. Ule mlio wa PUU mnaousikia mtu akichomoa kondensa feda iko juu, huo ndio unapasua twita, zile za sauti nyembamba ndani ya spika mlizochangia, na mzee aliyekaa mbele ya spika naye anaumia masikio.

Nimeacha la mwisho ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Watu wakipigwa shoti na maiki mdomoni wanasema ni fantomu. Sio fantomu. Ile 48 hata ukigusisha pini zote pamoja haitoi zaidi ya miliampia 14 na kwa ngozi kavu hata huisikii. Kinachopiga ni umeme wa ukutani, 230. Inakuwa hivi: mpiga gitaa ana amplifaya yake, inavuma, mtu akamshauri akate pini ya ethi, ile inayopeleka umeme unaovuja ardhini, kwenye plagi mvumo uishe, na kweli ukaisha. Sasa bati la amplifaya linaelea, halina njia ya kwenda ardhini, ndani kukiwa na uvujaji kidogo tu umeme unakuja mpaka kwenye nyuzi za gitaa. Maiki yake imeungwa kwenye ethi kupitia pini 1. Kijana ameshika nyuzi kwa mkono, anasogeza mdomo kwenye maiki kuimba, mwili wake ndio unakuwa waya.

Nilikuwepo kijana mmoja aliporushwa nyuma namna hiyo kwenye sikukuu ya mavuno, kwenye turubai, ardhi imelowa mvua. Akaanguka juu ya ngoma. Alipona, lakini mdomo ulivimba siku mbili na mama yake alinishika mkono akaniuliza, "Baba, mwanangu alikuwa anafia kanisani?" Sikuwa na jibu. Tulipofungua plagi ya amplifaya tukakuta ethi imekatwa kwa koleo na kufungwa selotepu vizuri, kazi ya mtu aliyedhani anasaidia.

Ethi isikatwe. Mvumo una dawa zake. Chomeka miksa na amplifaya zote za jukwaani kwenye chanzo kimoja, ekstensheni kubwa moja yenye ethi, isiwe gitaa upande huu wa ukumbi na miksa upande ule, na kama ni jenereta ya fezi tatu hakikisha vyote viko fezi moja maana kati ya fezi na fezi ni volti 400. Pitisha gitaa kwenye DI yenye kiswichi cha kuachanisha ethi ya sauti, hicho ndicho kinaua mvumo bila kuua mtu. Weka breka ya uvujaji, ile ya miliampia 30. Na kabla mwimbaji hajapanda, chukua ileile mita, igeuze kwenye AC, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa nyingine kwenye chuma cha maiki. Ukisoma sifuri au volti moja mbili sawa. Ukiona makumi, hakuna kuimba mpaka ipatikane sababu, hata kama mchungaji ameshapanda madhabahuni au bwana harusi yuko mlangoni.

Kuna na mafundi wanaokata wavu upande mmoja wa waya wa maiki kuzuia mvumo. Kwa waya inayotoka miksa kwenda amplifaya hiyo inafanyika, ila kwa kondensa umeshakata njia ya kurudi, tumerudi kulekule kwenye kabati la mama mwenyekiti.

Kanisa lile niliwachomea waya nne mpya za mita kumi, plagi za Neutrik, wavu wa kusuka, na bei ya zote haikufika bei ya maiki moja waliyodhani imekufa. Maiki mbili zimewekwa kwenye stendi mbele ya kwaya, moja kwa soprano na alto, moja kwa tenori na besi. Wiki iliyofuata mama alinipigia kusema wazee wa nyuma wamesikia besi kwa mara ya kwanza tangu jengo lifunguliwe.

Mhariri, kama ukurasa una nafasi nakuomba mchape na mchoro mdogo wa plagi ya kanoni, 1 wavu, 2 na 3 sauti na 48, na chini yake yale maneno ya kuwasha na kuzima. Watu waukate, waubandike ndani ya mlango wa kabati la mitambo.

Wako,
Fundi mitambo, Ngamiani, Tanga